Matatizo adimu na makali ya dengi kwa watoto: mwongozo wa kuyatambua na kuyakabili wodini

Watoto wengi wanaofariki kwa dengi hawafi kwa tatizo adimu. Hufa kwa shoku (damu kushindwa kuzunguka vya kutosha mwilini) iliyochelewa kuonekana, kwa damu inayovuja tumboni bila mtu kujua, au kwa dripu iliyozidishwa. Kwa hiyo mwongozo huu, ingawa lengo lake ni ubongo, ini, moyo, figo na kinga ya mwili iliyopotoka, unaanzia kwenye mwendo wa kawaida wa ugonjwa. Tatizo adimu hujitambulisha kwa kutofuata ratiba ya dengi, na asiyeijua ratiba hiyo hawezi kuona kwamba imevunjwa. Umeandikiwa wauguzi, maofisa tabibu na madaktari wanaolaza watoto.

Hatua ya 1: Hesabu siku za homa kwa usahihi

Siku ya 1 ni siku homa ilipoanza, si siku mtoto alipofikishwa hospitali. Wazazi husahau tarehe, lakini hawasahau usiku. Muulize mama: "Usiku wa mwisho mtoto kulala vizuri, bila joto, ulikuwa upi?" Jibu hilo ni la kuaminika kuliko "kama siku tatu hivi".

Homa ya dengi hukaa siku 2 hadi 7. Mara nyingi kati ya siku ya 3 na ya 7 joto hushuka, na hapo ndipo kipindi cha hatari huanza: mishipa midogo ya damu huachia majimaji (plazma) yavuje kwenda tumboni na kwenye utando wa mapafu. Uvujaji huo hudumu saa 24 hadi 48. Baada yake majimaji hurudi ndani ya mishipa kwa muda wa saa 48 hadi 72, na mtoto anaanza kukojoa sana na kudai chakula.

Ukiwa na ratiba hiyo kichwani, mambo manne yanapaswa kukushtua:

- homa inayopita siku ya 7, au iliyoisha kisha ikarudi;
- fahamu kubadilika wakati mzunguko wa damu na sukari viko sawa;
- hematokriti (asilimia ya damu iliyo seli nyekundu) kushuka huku mapigo ya moyo yakipanda;
- mtoto mwenye dalili za shoku ambaye hematokriti yake haijapanda, ini limevimba na mapafu yana mikwaruzo ya maji.

Kila moja lina hatua yake hapa chini.

Hatua ya 2: Weka chati inayosomeka

Pima uzito halisi. Kwa mtoto mnene kupita kiasi, hesabu maji kwa uzito unaolingana na urefu wake, la sivyo utamzamisha. Andika presha, mapigo, upumuaji, joto la mikono na miguu, na muda wa damu kurudi baada ya kubonyeza kucha (ukizidi sekunde 2 si sawa). Katika kipindi cha hatari rudia kila saa 1 hadi 2. Mtoto akiwa kwenye shoku, kila dakika 15 hadi 30. Hematokriti pima kabla ya kuanza maji, baada ya kila mzigo wa maji ya haraka, kisha kila saa 4 hadi 6. Lenga mkojo wa mililita 0.5 hadi 1 kwa kilo kwa saa. Ukizidi hapo katika kipindi cha hatari, huenda unatoa maji mengi kuliko yanayohitajika.

Chora pia mpaka wa chini wa ini kwa kalamu ya wino kwenye ngozi ya mtoto. Mstari huo utakuambia, bila mashine yoyote, kama ini linakua kwa sababu ya ugonjwa au kwa sababu ya dripu yako.

Usisome presha ya juu peke yake. Presha ya 100 kwa 85 hupita machoni kama nzuri, lakini tofauti yake ni 15, na tofauti ya 20 au pungufu kwa mtoto mwenye dengi ni shoku. Mtoto huyo anaweza kuwa anaongea na kujibu maswali. Watoto huhimili sana, halafu huanguka ghafla.

Hatua ya 3: Tibu shoku kabla ya kutafuta jina la tatizo adimu

Shoku ambayo presha bado imeshikilia: maji ya chumvi ya asilimia 0.9 au Ringer, mililita 10 hadi 20 kwa kilo kwa saa 1. Mtoto akiimarika, shuka hadi 10 kwa kilo kwa saa kwa saa 1 hadi 2, kisha 7 kwa saa 2, kisha 5 kwa saa 4, kisha 3, ukipima kila unaposhuka. Shoku ambayo presha imeanguka: mililita 20 kwa kilo kwa dakika 15 hadi 30. Mpe oksijeni, na pima sukari palepale. Ikiwa chini ya milimoli 2.5 kwa lita toa dekstrosi ya asilimia 10, mililita 5 kwa kilo mshipani.

Asipoimarika, hematokriti ndiyo inayoamua njia. Ikiwa juu au inapanda, plazma bado inavuja: rudia maji, na hapa majimaji mazito ya koloidi yana nafasi. Ikiwa imeshuka na mtoto bado yuko kwenye shoku, kuna damu inayotoka hata kama huioni, na mara nyingi iko tumboni. Toa damu: seli nyekundu mililita 5 hadi 10 kwa kilo, au damu nzima mililita 10 hadi 20 kwa kilo. Hematokriti ya 38 kwa mtoto aliye kwenye shoku isikufariji. Kwa kiasi cha plazma alichopoteza ilipaswa kuwa juu zaidi, na pengo hilo ni damu iliyopotea. Kinyesi cheusi kinaweza kuchelewa kutoka, usikisubiri.

Asiyejibu matibabu baada ya hapo, pitia vitu vinne kabla ya kuendelea: asidi iliyozidi kwenye damu, damu inayotoka kwa siri, kalisiamu iliyoshuka, sukari iliyoshuka. Vyote vikiwa vimeangaliwa na shoku bado ipo, ufikirie moyo (hatua ya 7).

Hatua ya 4: Fahamu zikibadilika

Mtoto aliyelegea au mwenye degedege wakati wa dengi huwa na sababu nyingi kabla ya virusi kuingia kwenye ubongo wenyewe. Zipitie kwa mpangilio: shoku, sukari, sodiamu, ini kufeli, damu kutoka ndani ya fuvu, malaria na homa ya uti wa mgongo. Katika maeneo yenye malaria, kipimo cha dengi kilicho chanya hakimwondolei mtoto malaria. Anaweza kuwa navyo vyote viwili.

Sodiamu ndiyo inayosahaulika zaidi. Hushuka kwa sababu ya kutapika, kwa sababu mtoto alinyweshwa maji matupu nyumbani, na kwa sababu ya dripu ya dekstrosi ya asilimia 5 isiyo na chumvi ya kutosha, ambayo haifai kurudishia plazma iliyovuja. Mtoto mwenye degedege na sodiamu ya chini sana apewe maji ya chumvi ya asilimia 3, mililita 3 kwa kilo kwa dakika 15 hadi 20. Baadaye isipandishwe zaidi ya milimoli 8 hadi 10 kwa lita kwa saa 24.

Degedege lenyewe: diazepamu miligramu 0.5 kwa kilo kupitia njia ya haja kubwa, au miligramu 0.2 hadi 0.3 kwa kilo polepole mshipani huku ukiangalia upumuaji.

Yote hayo yakiwa sawa na fahamu bado hazirudi, sasa unazungumzia ubongo. Dengi inaweza kuleta uvimbe wa ubongo unaotokana na virusi vyenyewe, na kwa nadra sana aina inayoua tishu za ubongo kwa kasi, ambayo kwenye picha ya MRI huonekana pande zote mbili kwa ulinganifu, hasa kwenye thalamasi (sehemu ya katikati ya ubongo). Inua kichwa cha kitanda nyuzi 30, weka shingo na kichwa vinyooke, toa oksijeni, zuia homa, na usizidishe maji. Mboni moja ikipanuka, au mapigo yakipungua huku presha ikipanda, toa maji ya chumvi ya asilimia 3 au manitoli (dawa ya kupunguza uvimbe wa ubongo) na umhamishie chumba cha mahututi. Manitoli isitolewe kwa mtoto ambaye bado yuko kwenye shoku, kwa sababu hukojoza na kuukausha mwili.

Kipimo cha maji ya uti wa mgongo kisifanywe wakati chembe sahani (zinazosaidia damu kuganda) ziko chini sana au mtoto hajatulia. Anza antibayotiki kwa dozi ya homa ya uti wa mgongo na upime baadaye. Antibayotiki zisizohitajika zinaweza kusimamishwa. Homa ya uti wa mgongo iliyoachwa saa 24 haisubiri.

Udhaifu wa miguu ni habari tofauti. Ukitokea ghafla siku za homa au mara tu baada yake, miguu ikiwa laini na fahamu zikiwa kamili, pima potasiamu. Ikiwa chini, udhaifu huo kwa kawaida huondoka haraka inaporudishwa. Potasiamu ikiwa sawa na udhaifu unapanda kutoka miguuni kwenda juu, fikiria Guillain-Barré (kinga ya mwili kushambulia neva) na uchunguze nguvu ya kupumua kila saa chache: mwambie mtoto ahesabu kwa sauti kwa pumzi moja. Anayehesabu namba chache kuliko asubuhi yuko njiani kuhitaji mashine.

Hatua ya 5: Ini

Vimeng'enya vya ini hupanda kwa watoto wengi wenye dengi na kushuka vyenyewe. AST au ALT ikifika 1000 au zaidi, hiyo ni dengi kali kwa mgawanyo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009. Lakini namba peke yake haimaanishi ini limefeli. Ini lililofeli huonekana kwa damu isiyoganda vizuri, sukari inayoshuka mara kwa mara, manjano, na mtoto anayebadilika tabia: anayelia bila sababu, anayelala mchana na kukesha usiku.

Hapo fanya haya: simamisha paracetamol kabisa, pima sukari kila saa 2 hadi 4, epuka dawa za usingizi, kwa kuwa zitaficha fahamu unazohitaji kuzifuatilia, mpe vitamini K, na umhamishe mapema. Shoku ya muda mrefu ndiyo sababu kubwa ya ini kufeli, kwa hiyo rudi kwenye chati uone kama kulikuwa na saa ambazo hakuna aliyeandika presha.

Kuna sababu nyingine ambayo mzazi hawezi kukutajia usipouliza vizuri. Dozi ya paracetamol kwa mtoto ni miligramu 10 hadi 15 kwa kilo, kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Mzazi huweza kuwa amempa sirapu, kidonge cha kuingiza njia ya haja kubwa, na dawa ya mafua, vyote vikiwa na paracetamol ndani. Omba alete chupa na pakiti zote. Homa ya dengi haishuki sawasawa kwa dawa, na ndiyo inayomfanya mzazi aongeze dozi. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki zisitumike kabisa. Huchokonoa tumbo na kuvuruga chembe sahani ambazo tayari ni chache.

Hatua ya 6: Homa isiyoisha

Hili ndilo tatizo adimu linalokosewa zaidi, kwa kuwa linafanana na mambo mengi. Homa inapita siku ya 7, uvujaji umeisha, lakini mtoto haponi. Ini na wengu vinaendelea kukua. Chembe sahani hazipandi kama ilivyotarajiwa, na hemoglobini na seli nyeupe nazo zinashuka. Wengi huandika "maambukizi ya hospitali" na kubadilisha antibayotiki mara mbili au tatu.

Maambukizi ya bakteria ni lazima yatafutwe: kuoteshwa kwa damu, eneo la dripu, mkojo, eksirei ya kifua. Lakini siku hiyohiyo omba feritini (protini ya akiba ya chuma), trigliseridi (mafuta ya damu) na faibrinojeni (protini ya kugandisha damu). Unatafuta HLH, hali ambayo seli za kinga huwaka bila kuzimika na kumeza seli za damu kwenye uboho. Vigezo vilivyozoeleka ni vya mwaka 2004, na panahitajika 5 kati ya 8: homa, wengu kuvimba, upungufu wa angalau aina mbili za seli za damu, trigliseridi ya milimoli 3 kwa lita au zaidi, au faibrinojeni ya gramu 1.5 kwa lita au chini. Feritini ya 500 au zaidi. Seli zinazomeza seli kwenye uboho. Na vipimo viwili vya kinga ambavyo maabara nyingi hazina.

Tahadhari iko kwenye feritini. Katika dengi yoyote inaweza kupita 500 kwa urahisi, hivyo kiwango hicho peke yake hakithibitishi kitu. Feritini ya maelfu mengi inayoendelea kupanda baada ya siku ya 7 ndiyo yenye uzito, hasa faibrinojeni ikishuka pamoja nayo. Kumbuka pia kwamba faibrinojeni ikishuka, mwendo wa damu kutulia kwenye kipimo cha ESR hushuka pia, jambo linaloweza kukudokeza pale ambapo vipimo vikubwa havipo.

Matibabu huamuliwa na mtaalamu wa damu au wa watoto: deksamethazoni miligramu 10 kwa kila mita ya mraba ya mwili kwa siku, na mara nyingine kingamwili za kuchomwa mshipani. Katika dengi nyingine yote steroidi kama hiyo hazisaidii shoku, hazipandishi chembe sahani, na huongeza hatari ya kutokwa damu tumboni na ya maambukizi. Zisianzishwe kwa kubahatisha.

Hatua ya 7: Moyo na mapafu

Moyo ulioathirika na dengi hujulikana pale maji yanapomzidishia mtoto ugonjwa badala ya kumsaidia. Umetoa mililita 20 kwa kilo. Ini limevuka mstari wa kalamu, pumzi zimeongezeka, miguu bado ya baridi. Acha mzigo mwingine. Fanya kipimo cha umeme wa moyo, ultrasaundi ya moyo na troponini (kipimo cha damu cha msuli wa moyo ulioumia) kama ipo. Maji sasa yatolewe kidogo kidogo, mililita 5 kwa kilo kwa tahadhari, na dawa ya kusaidia moyo kusukuma ianze mapema.

Usichanganye hali hiyo na mapigo ya polepole ya siku za kupona. Mtoto anayekula, mwenye mikono ya joto na mkojo mwingi, ambaye mapigo yake yameshuka kuliko umri wake, kwa kawaida hahitaji dawa. Kipimo kimoja cha umeme wa moyo kinatosha.

Kupumua kwa shida kuna maelezo tofauti kulingana na siku. Siku ya 4 au 5, ni maji yaliyovuja kwenye utando wa mapafu na tumboni. Baada ya saa 48 za kipindi cha hatari, ni majimaji yanayorudi mishipani yakikuta dripu bado inakimbia. Katika hali hii ya pili funga dripu kwanza, kisha furosemaidi (dawa ya kukojoza) miligramu 0.1 hadi 0.5 kwa kilo. Dawa hiyohiyo ikitolewa saa 24 mapema, mtoto akiwa bado anavuja, humrudisha kwenye shoku. Maji ya kifuani yasitolewe kwa sindano isipokuwa hakuna namna nyingine kabisa, maana damu ikianza kutoka hapo haikomi kirahisi.

Figo na tumbo

Figo hufeli zaidi kwa sababu ya shoku. Mkojo wa rangi ya chai nzito unahitaji kutazamwa mara mbili: kijiti cha kupimia mkojo kikionyesha damu lakini darubini haioni seli nyekundu, ni misuli inayovunjika au seli nyekundu zinazopasuka. Pima kimeng'enya cha misuli (CK), potasiamu na kreatinini. Mtoto mwenye upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda seli nyekundu) anaweza kupasua seli nyekundu ghafla katikati ya dengi, na hematokriti yake ikashuka bila damu kutoka popote.

Maumivu makali ya tumbo ni dalili ya hatari ya uvujaji, lakini yakiwa juu ya kitovu na kuelekea mgongoni, pima lipesi kwa ajili ya kongosho. Kuta za kifuko cha nyongo zilizonenepa kwenye ultrasaundi ni jambo la kawaida katika dengi, na hazihitaji kisu. Vivyo hivyo maumivu yanayofanana na kidoletumbo: pima dengi kabla ya kumpeleka mtoto chumba cha upasuaji. Upasuaji unaohitajika kweli ni wa nadra, kwa mfano wengu uliopasuka, unaojulikana kwa maumivu ya ghafla upande wa kushoto na hematokriti inayoporomoka.

Watoto wachanga

Mtoto wa miezi 2 hadi 12 ana hematokriti ya chini kwa asili, asilimia 28 hadi 42, kwa hiyo kupanda kwake hufichika. Linganisha na kipimo chake mwenyewe cha siku ya kwanza, si na cha mtoto mkubwa. Anaweza kupata dengi kali katika maambukizi yake ya kwanza, kwa sababu ya kingamwili alizopewa na mama tumboni, ambazo zikipungua hushindwa kuzuia virusi na badala yake huvisaidia kuingia kwenye seli.

Mama aliyepata homa ya dengi siku chache kabla ya kujifungua, mtoto wake afuatiliwe chembe sahani na joto, kwani ugonjwa hutokea siku ya 1 hadi ya 11 baada ya kuzaliwa. Kwa umri huo unaweza kuonekana kama maambukizi ya bakteria tu. Antibayotiki zitolewe, lakini usiishie hapo.

Kabla ya kuruhusu, na baada ya hapo

Chembe sahani zilizo chini kwa mtoto asiyetokwa damu hazihitaji kuongezewa. Atulizwe tu, asichomwe sindano za msuli, na mpira wa tumboni usipitishwe puani. Mruhusu akikaa saa 48 bila homa na bila dawa ya homa, anakula, anakojoa, hematokriti imetulia bila dripu na chembe sahani zinapanda.

Mwandikie mzazi, kwenye karatasi ya ruhusa, mambo ya kumrudisha mtoto mara moja: homa mpya, manjano, kinyesi cheusi, kuona ukungu, kuchoka anapocheza kuliko kawaida, na katika wiki 1 hadi 3 zinazofuata, kuyumba, kubadilika tabia, degedege au miguu kukosa nguvu, kwani uvimbe wa ubongo unaotokana na kinga huja baada ya ugonjwa wenyewe kwisha. Aliyekuwa na vimeng'enya vya ini juu ya 1000 arudiwe kipimo baada ya wiki moja hadi mbili. Aliyetibiwa HLH apimwe hemoglobini, chembe sahani na feritini kila wiki hadi steroidi zipunguzwe na kuisha.